Kamusi Elezo Huru na Uandishi wa Historia ya Kwale

Wataalamu wa lugha hawajaitilia maanani ya kutosha Wikipedia ya Kiswahili, yaani kamusi elezo huru ya mtandao, ingawa ni mojawapo ya mikusanyo mikubwa ya nathari ya Kiswahili iliyopata kuwapo. Ilianzishwa mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na leo ina makala zaidi ya 80,000. Waandishi wake hawalipwi, wala hawaajiriwi na mtu. Mwanafunzi wa chuo anayetaka kujua jambo juu ya Diani au Msambweni huifungua kabla hajakanyaga mlango wa maktaba, na mara nyingi hafungui kitu kingine. Kwa sababu hiyo swali la namna makala njema inavyopatikana humo si swali la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni swali la historia na la lugha pia, na pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Vanga, ni mahali pazuri pa kulichunguza, kwa maana habari zake zimeandikwa mara nyingi na watu wasio wa huko.

Miaka ya mwanzo ya kamusi hiyo ilikuwa ya watu wachache mno. Miongoni mwao alikuwa Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, ambaye alikuwa pia miongoni mwa watangulizi wa kuandika kwa Kiswahili kwenye intaneti. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na zawadi zikatolewa mwanzoni mwa 2010. Makala ziliongezeka kwa mamia katika muda mfupi. Zawadi zilipokwisha kutolewa, washindani walio wengi hawakuonekana tena, na kazi ya kusahihisha, kuunganisha na kutafuta marejeo ikawarudia wale wachache waliokuwapo tangu zamani. Katika miaka iliyofuata kundi la Jenga Wikipedia ya Kiswahili, lenye makao yake Tanzania, lilijaribu njia iliyo polepole zaidi, ya kufundisha waandishi na kukaa nao.

Wingi wa makala hauna budi kupimwa kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya makala za mahali ni zile ambazo wakabidhi wa kamusi huziita mbegu, nazo ni sentensi mbili tatu zinazosema kwamba mji fulani uko katika kaunti au kata fulani, una wakazi kadha wa kadha kwa sensa ya mwaka fulani, basi. Kata za Tanzania zimeandikwa hivyo karibu zote. Jina la mbegu ni zuri, ila lina udanganyifu ndani yake, kwa kuwa mbegu huota yenyewe ikipata mvua, na makala hizi hazioti mpaka mtu aje na jembe.

Kanuni za kamusi hii ni chache. Habari iandikwe kwa namna ambayo msomaji aweza kuithibitisha katika maandishi yaliyochapishwa mahali pa kuaminika. Mwandishi asitie uvumbuzi wake mwenyewe. Penye hitilafu ya maoni, pande zote zenye uzito zitajwe bila kupendelea. Mara nyingi kanuni hizi huelezwa kana kwamba ni desturi ya Ulaya inayoletwa pwani kwa mara ya kwanza. Hivyo sivyo. Mtoto wa Kidigo aliyesoma chuoni Ukunda au Msambweni amekua akisikia kwamba hadithi haithibiti mpaka ijulikane imepokewa na nani kutoka kwa nani, na kwamba mpokezi mmoja dhaifu katika isnadi huidhoofisha riwaya nzima. Wazee nao, wanapohadithia mambo ya kaya, huanza kwa kumtaja aliyewaambia, kama ni baba, mjomba au bibi mzaa mama. Tanbihi iliyo chini ya makala ni binamu wa isnadi. Kosa lililokithiri katika maandishi juu ya pwani ya kusini limekuwa lile lile ambalo elimu ya hadithi ililikemea karne nyingi zilizopita: habari kutangazwa bila mwenyewe.

Mfano mashuhuri wa kosa hilo hautoki Kwale bali ng'ambo ya mpaka. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilipochapishwa Göttingen mwaka 1903, jina lililokaa usoni pake lilikuwa la Carl Velten. Aliyeandika sehemu iliyo kubwa, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, alibaki nyuma ya pazia mpaka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1981 na kumrudishia haki yake. Kwa upande wa Kwale, A. C. Hollis, afisa wa serikali ya Kiingereza, alichapisha mwaka 1900 habari za historia ya Vumba, na H. E. Lambert akatoa mwaka 1957 na 1958 vitabu vidogo juu ya lahaja za Chivumba na Chifundi. Kazi hizi ni hazina, na asiyezisoma asijaribu kuandika juu ya Vanga na Wasini. Hata hivyo, zilitungwa na watawala kutokana na vinywa vya watawaliwa, na katika marejeo ya leo anayetajwa ni mtawala. Kamusi elezo huru imelitibu gonjwa hili kwa upande mmoja, maana kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina au lakabu ya aliyelifanya na saa aliyolifanya. Haikulitibu upande wa pili, yaani kwa yule mzee aliyesema kabla afisa hajaandika.

Ugumu wa kazi huonekana vizuri zaidi mtu anapoketi kuandika makala moja hasa. Kijiji cha Gazi, kilichoko kati ya Diani na Msambweni, kinajulikana leo kwa mikoko yake, ambayo tangu 2013 imewapatia wenyeji fedha kwa mradi wa Mikoko Pamoja. Zamani kilijulikana kwa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Mwaka 1895, wakati kampuni ya Kiingereza ilipokuwa ikikabidhi utawala wa pwani kwa serikali ya Uingereza, alifariki liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis. Kampuni ilimpendelea mwanawe, Rashid bin Salim. Aliyejiona kuwa na haki zaidi alikuwa Mbaruk bin Rashid, naye huyu siye wa Gazi bali ni Mmazrui mwingine, wa Takaungu, mwenye jina lile lile la kwake na la babake. Huyu wa Takaungu alipofukuzwa alikimbilia Gazi kwa jamaa yake. Mbaruk wa Gazi, ambaye tangu zamani alikuwa amekwisha kupambana na masultani wa Unguja, akajikuta vitani na Waingereza. Mwezi wa Aprili 1896 alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake na kujisalimisha kwa Wadachi. Juu ya hayo yote, Mbaruk wa Gazi alikuwa mwana wa Rashid bin Salim, mtawala wa mwisho wa Kimazrui huko Mombasa, aliyeondolewa na Seyyid Said mwaka 1837, na ambaye jina lake ni sawasawa na la yule kijana aliyependelewa na kampuni miaka hamsini na minane baadaye.

Basi wako Mbaruk bin Rashid wawili, na Rashid bin Salim wawili, katika kisa kimoja. Mwandishi mwenye haraka huwachanganya, na makala yake ikishanakiliwa katika vijitabu vya watalii na kurasa za mahoteli, kosa hupata mashahidi wengi ambao kwa kweli ni shahidi mmoja. Aja mwandishi wa pili, anatafuta marejeo ya kuithibitisha makala, anakikuta kijitabu kile, anakitaja. Duara limefungwa. Mtu wa elimu ya hadithi angeona upesi kwamba njia zote zinarudi kwa mpokezi mmoja. Ndiyo sababu kamusi ina kurasa za maana za kutenganisha watu na mahali penye majina yanayofanana, na kwa historia ya Wamazrui kurasa hizo zinahitajika kuliko picha.

Majina yakiisha kutenganishwa, hubaki maneno. Barua za maofisa humwita Mbaruk mwasi. Neno hilo linadai kwamba alikuwa raia wa serikali aliyoiasi, na hilo ndilo lililokuwa likigombaniwa. Kwa upande wa pili, waandishi wa baada ya uhuru wamemwita mpigania uhuru, na neno hili nalo linadai mengi, kwa kuwa Gazi ilikuwa pia mji wa mashamba yaliyolimwa na watumwa, na kwa watu wa bara yake jina la Mbaruk halikuwa la faraja daima. Mwenye kuandika makala njema hachagui mojawapo ya maneno hayo na kulifanya lake. Husema alifanya nini, lini na dhidi ya nani, kisha huongeza kwamba maofisa wa Kiingereza walimwita hivi na waandishi fulani wamemwita vile. Sentensi hurefuka kidogo. Ni gharama ndogo.

Habari ya Shungwaya inataka uangalifu wa aina hiyo hiyo, na yawezekana ni zaidi. Karibu kila maandishi mafupi juu ya Wadigo huanza kwa kusema kwamba walitoka Shungwaya, kaskazini, pamoja na Wamijikenda wengine, wakifukuzwa na Wagala. Msomaji huambiwa hivyo kama aambiwavyo kwamba mto wa Ramisi unaingia baharini. Kumbe wanahistoria wameshindana sana juu ya jambo hili. R. F. Morton aliandika mwaka 1972 kwamba kumbukumbu za karne ya 19 zilizotoka kwa Wamijikenda wenyewe hazina habari hiyo, na kwamba ilienea baadaye. Thomas Spear, katika kitabu chake juu ya kaya kilichotoka 1978, aliitetea kama kumbukumbu yenye kiini cha kweli. Justin Willis alionyesha mwaka 1993 kwamba hata umoja unaoitwa Mijikenda ni jambo lililoundwa hasa katika karne ya 20, mahali pa jina la Wanyika ambalo wenyewe waliliona la dharau. Wataalamu wa isimu nao wana hoja zao juu ya asili ya lugha za Sabaki. Makala inayosema kwa mkato kwamba Wadigo walitoka Shungwaya ina makosa, na inayosema kwa mkato kwamba hawakutoka huko ina makosa vile vile. Tena haifai kuwadhania wazee wa kaya kuwa hawajui kupambanua, kwa kuwa wapo wanaosimulia Shungwaya na papo hapo wakasimulia Kaya Kwale kama chanzo, bila kuona kwamba moja inaifuta nyingine.

Shimoni, mbele kidogo kuelekea Wasini, kuna mapango ambayo wageni huonyeshwa kama ghala la watumwa waliongojea kusafirishwa. Wimbo wa Roger Whittaker, mwimbaji aliyezaliwa Nairobi, uliipeleka habari hiyo mbali sana. Mapango hayo hayo hukumbukwa na wenyeji kama maficho ya nyakati za uvamizi wa Wamaasai, na tena kama mahali pa kutambikia. Kumbukumbu hizi zaweza zote kuwa kweli kwa nyakati mbalimbali. Penye kiingilio kinacholipwa mlangoni, hata hivyo, kumbukumbu inayouzika ndiyo inayoandikwa kwanza, na makala iliyotungwa kwa kutegemea kurasa za utalii peke yake itakuwa na pango la aina moja tu.

Kuhusu lugha, pana jambo ambalo wasomaji wa jarida kama hili watalitambua mara moja. Kiswahili kinachotumika katika kamusi ni kile kilichosanifiwa baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi, na baada ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Kwa hiyo makala juu ya Chivumba huandikwa kwa lahaja ambayo haikuwa jirani yake wa karibu, na tatizo la kwanza hutokea katika kichwa chenyewe. Je, iandikwe Chivumba, kama wenyewe wasemavyo, au Kivumba, kama sarufi sanifu itakavyo? Chidigo au Kidigo? Kamusi ya Kidigo iliyotolewa mwaka 2004 kwa jina la Mgombato iliwapa wenye lugha kitabu chao wenyewe. Fundi wa kamusi elezo hulitatua jambo hili kwa kuweka ukurasa wa kuelekeza kutoka jina moja hadi la pili, na msomaji hafiki patupu. Lakini kichwa ni kimoja, na lipo la kusemwa kwa kuwaacha watu wapewe jina lao katika mstari wa kwanza, hata kama kichwa kimefuata usanifu.

Ubaya ulio mkubwa zaidi hutoka katika tafsiri. Makala nyingi za Kiswahili ni tafsiri za Kiingereza, na siku hizi baadhi hupitishwa kwanza katika mashine. Matokeo ni Kiswahili chenye maneno ya Kiswahili na mifupa ya Kiingereza, ambamo mkoko hauna mkandaa wala msindi bali ni mti wa maji chumvi tu, na mtepe huwa mashua ya kushonwa isiyo na jina. Mvuvi wa Msambweni angeisoma makala juu ya bahari yake akadhani inahusu bahari nyingine. Mwandishi mwema hutafsiri habari na kuacha sentensi, kisha huenda kumwuliza mtu anayekiita kitu hicho kila siku.

Wakati nao huharibu makala, hata iliyoanza vizuri. Makala zilizosema kwamba Kwale ni wilaya ya Mkoa wa Pwani ziliharibika mwaka 2013, kaunti za katiba ya 2010 zilipoanza kazi, na Msambweni ambayo ilikuwa imepata kuwa wilaya ya peke yake ikawa tena sehemu ya Kwale. Idadi ya watu ilikuwa 649,931 kwa sensa ya 2009 na 866,820 kwa sensa ya 2019, na tarakimu isiyo na mwaka wake haina maana. Mgodi wa mchanga wenye titani ulianza kusafirisha madini yake mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Aliyeandika kwamba mgodi unachimba aliandika kweli, na kweli hiyo ikageuka uongo bila yeye kugusa kitu. Aliyeandika ulianza lini hakupata hasara yoyote.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Ingefaa wawafikirie Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na wajukuu wao walizaliwa hapo wakakua bila vitambulisho, kwa kuwa katika hesabu ya makabila ya Kenya hawakuwamo. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia. Serikali iliwatambua kuwa kabila la 43, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba waliokaa pwani hiyo kwa vizazi wakatambuliwa mwaka 2023. Orodha ya makabila, ambayo mwanafunzi huinakili kwa dakika tano kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, ilikuwa kwa watu hawa tofauti kati ya kufungua akaunti ya benki na kutofungua, kati ya kusajili mtoto shuleni na kumficha. Makala juu ya wakazi wa Kwale iliyowaacha Wamakonde kabla ya 2016 haikuwa imekosea kwa mujibu wa vitabu vilivyokuwapo. Hapo ndipo kanuni ya marejeo inapoonyesha ukomo wake, kwa kuwa asiyeandikwa vitabuni haingii katika kamusi, na asiyekuwa katika kamusi huonekana hakuwapo.

Jaribio la kuuvuka ukomo huo lilifanyika mwaka 2011, wakati Achal Prabhala na wenzake walipofanya mradi huko India na Afrika Kusini wa kurekodi sauti za watu na kuzitaja kama marejeo ya makala. Mradi ulizusha mabishano makali, na wahariri wengi hawakuukubali, kwa hoja kwamba sauti ya mtu mmoja haijapita mikononi mwa mhakiki yeyote. Hoja hiyo ina nguvu. Iko njia ya tatu, isiyohitaji kanuni ibadilishwe, nayo ilikwisha kuonekana katika kazi ya Spear, ambaye mwaka 1981 alichapisha masimulizi ya wazee wa Kimijikenda pamoja na ufafanuzi wake. Msimulizi akishachapishwa kwa jina lake, kijiji chake na siku aliyosema, na mhakiki akaeleza kwa nini amemwamini au hakumwamini, kauli yake inakuwa rejeo kama rejeo jingine lolote. Kazi hiyo si ya wakabidhi wa mtandao. Ni ya idara za lugha na historia, ambazo wanafunzi wake hukusanya masimulizi kila mwaka kwa ajili ya tasnifu, na tasnifu nyingi hulala kabatini baada ya mtihani.

Tangu programu za kompyuta zianze kufunzwa kutunga na kujibu maswali kwa Kiswahili, jambo hili limeongezeka uzito, maana kamusi elezo huru ni sehemu ya chakula chao cha kwanza. Programu haitofautishi Mbaruk wa Gazi na Mbaruk wa Takaungu isipokuwa kama kuna mtu aliyekwisha kuwatofautisha kwa maandishi. Nyumba ya Mbaruk ingali ikionyeshwa Gazi, na wako watu kijijini wanaoweza kusema babu zao walisikia nini usiku ule msafara ulipoondoka kuelekea mpakani. Mpaka maneno yao yachapishwe na majina yao, makala ya Gazi itaendelea kuvieleza vita hivyo kwa barua za watu waliovishinda.